Kicheza muziki cha mfukoni: chagua ukianzia kwenye nyimbo zako

Watu wengi waliokusanya nyimbo tangu enzi za kuchoma CD wana mkusanyiko uliotawanyika. Sehemu iko kwenye kompyuta ya zamani, sehemu kwenye flashi iliyojazwa kibandani, sehemu kwenye memori kadi ya simu iliyokufa, na nyingine zimelala kwenye folda za WhatsApp zikichanganyika na mawaidha na salamu za sikukuu. Siku wanapotaka kuziweka zote kwenye kifaa kimoja cha mfukoni, wanakuta vicheza muziki vya dola 20 na vya dola zaidi ya 1,000, vyote vikisifiwa kwa sauti safi, kila kimoja na msururu wake wa herufi na namba. Muuzaji naye mara nyingi anajua kile tu kilichoandikwa kwenye boksi.

Mkanganyiko huu unafunguka kirahisi zaidi ukianzia mahali ambapo maduka hayaanzii, yaani kwenye mafaili yenyewe. Kicheza muziki ni kifaa cha kusoma mafaili na kuyageuza kuwa sauti. Ukishajua mafaili yako ni ya aina gani, yana uzito gani na yameandikwa nini ndani yake, vifaa vingi vitajiondoa vyenyewe kwenye orodha, vikiwemo baadhi ya vile vya bei kubwa.

Je, simu haitoshi?

Kwa wengine inatosha kabisa. Kama simu yako ina nafasi ya memori kadi, ina tundu la waya wa hedifoni, na betri yake inafika jioni bila shida, huna sababu ya kununua kifaa kingine. Shida ni kwamba simu za namna hiyo zinapungua. Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingine zikafuata, na nafasi ya memori kadi nayo imetoweka kwenye simu nyingi za bei ya juu. Halafu kuna jambo la betri: mtu anayepokea malipo, simu za wateja na habari za nyumbani kwa kifaa kimoja hawezi kukimaliza chaji kwa muziki wa safari ya saa kumi ya basi.

Wengine husema siku hizi muziki wote uko mtandaoni. Ni kweli kwamba huduma zimeongezeka. Spotify, kwa mfano, ilifunguliwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi mwezi Februari 2021. Lakini mtu mwenye mkusanyiko wake anapaswa kuelewa jambo moja ambalo halielezwi wazi: wimbo "uliopakuliwa" ndani ya programu hizo haujawa faili lako. Umefungwa, unafunguliwa na programu ileile tu, na ukiacha kulipa haufunguki tena. Huwezi kuuhamishia kwenye kicheza muziki cha kawaida. Leseni ikiisha kati ya huduma na mwenye haki, wimbo unaondoka hata kama unalipa. Na rekodi nyingi za zamani za ukanda wetu, za dansi, taarab, benga na kaswida, hazimo humo, au zimo zikiwa na majina yaliyokosewa. Ndiyo maana mkusanyiko wa mafaili bado una thamani, na ndiyo maana unastahili kifaa kinachouheshimu.

Aina za mafaili na uzito wake

MP3 ndiyo lugha ambayo kila kifaa kinaifahamu. Ilitengenezwa Ujerumani, kwa mchango mkubwa wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, na kiishio cha .mp3 kilichaguliwa Julai 1995. Inapunguza uzito wa wimbo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzitambua kirahisi, hasa zile zinazofunikwa na sauti kubwa zaidi zinazosikika wakati uleule. Kiasi kinachobaki hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 hula karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Ya kilobiti 320 hula kama megabaiti 2.4. Muziki wa CD usiobanwa kabisa hula zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika.

Katikati ya hizo mbili iko FLAC, iliyotoka mwaka 2001. Yenyewe hubana bila kutupa chochote: ukiifungua unapata kilekile kilichokuwa kwenye CD. Kwa kawaida faili lake huwa na uzito wa nusu hadi theluthi mbili ya CD, tuseme megabaiti 5 hadi 7 kwa dakika.

Kwa msikilizaji wa bongo fleva ya dakika tatu na nusu, tofauti hizi hazitishi. Kwa mpenzi wa taarab zinatisha, maana wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 15. Wimbo wa urefu huo ni kama megabaiti 15 kwa MP3 ya kilobiti 128, megabaiti 36 kwa kilobiti 320, na karibu megabaiti 90 kwa FLAC. Kadi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya saa 500 za aina ya kwanza, kama saa 220 za aina ya pili, na chini ya saa 100 za FLAC. Kwa hiyo unaposoma tangazo kwamba kifaa "kinabeba nyimbo 10,000", jua kwamba hesabu hiyo imefanywa kwa nyimbo fupi zilizobanwa sana, wala haikumfikiria msikilizaji wa taarab ya zamani.

Ziko aina nyingine zinazoleta shida kimyakimya. Mafaili ya .m4a, yaani AAC, yanasomwa na vifaa vingi lakini si vyote vya bei ya chini. Ukikuta .m4p, mara nyingi huo ni wimbo ulionunuliwa kwenye duka la iTunes kabla Apple haijaondoa kufuli mwaka 2009, na kicheza muziki cha kampuni nyingine hakitaufungua. Halafu kuna Opus. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hutumia Opus, kwa hiyo kama umehifadhi kwa njia hiyo sauti ya bibi akiimba nyimbo za harusi, au shairi lililoghanwa msibani, vifaa vingi vidogo havitaliona kabisa faili hilo. Havitatoa hata onyo. Faili litakuwa kama halipo. Dawa yake ni kuligeuza kuwa MP3 kwa programu ya bure kama foobar2000 au fre:ac, ukiliacha lile la asili mahali salama.

Hapa niseme kwa msisitizo, kwa sababu watu wanapoteza nafasi na pesa: faili lililokwishapunguzwa haliwezi kurudishiwa ubora. Tovuti nyingi zinazotoa sauti kwenye video za YouTube hukupa kitufe cha "kilobiti 320". Sauti ya YouTube yenyewe huwa karibu na kilobiti 128 hadi 160, kwa hiyo unachopata ni faili zito lenye ubora uleule au chini yake. Vilevile kugeuza MP3 kuwa FLAC ni kumvalisha mtu yuleyule kanzu kubwa zaidi. Ukitaka kujua ukweli wa faili, lifungue kwa programu ya bure iitwayo Spek, inayochora sauti kwa rangi: MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida huonyesha ukuta karibu na kilohezi 16 (kipimo cha wembamba wa sauti), juu yake pakiwa patupu. Kwa njia hii utatambua "FLAC" za uongo ambazo watu hupeana.

Na kama mkusanyiko wako umetoka kwenye kaseti, usikimbilie kifaa chenye kibandiko cha dhahabu cha Hi-Res Audio. Kibandiko hicho kinamaanisha kifaa kinaweza kushughulikia rekodi za biti 24 na kilohezi 96, yaani sauti iliyopimwa mara 96,000 kwa sekunde. Kaseti ya kawaida ya mtaani haikubeba kitu cha maana juu ya kilohezi 15 au zaidi kidogo. Kinachoweza kuisaidia rekodi hiyo ni kuihamisha upya kwa deki nzuri iliyosafishwa kichwa, kazi ambayo kicheza muziki cha mfukoni hakiwezi kuifanya hata kiwe cha bei gani.

Majina yaliyomo ndani ya faili

Kama ningeruhusiwa kumshauri mtu jambo moja tu kabla hajanunua chochote, ningemwambia asafishe tagi. Tagi ni maandishi yaliyofichwa ndani ya faili la muziki: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, namba ya wimbo, pengine na picha ya jalada. Vicheza muziki vingi havitazami jina la faili unaloliona kwenye kompyuta. Vinasoma tagi, kisha vinapanga nyimbo kwa wasanii na albamu kufuata maandishi hayo.

Sasa chukua nyimbo za Franco. Kwenye mkusanyiko wa kawaida utazikuta zimeandikwa "Franco", "Franco Luambo", "Luambo Makiadi", "OK Jazz", "T.P. OK Jazz", "TPOK Jazz" na "Franco & Le TP OK Jazz". Kwa kifaa hao ni wasanii saba tofauti. Mbaraka Mwinshehe ana shida hiyohiyo, na yake ina sababu ya kihistoria: alipiga na Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, kwa hiyo waliotia tagi wengine waliandika jina lake, wengine la bendi ya kwanza, wengine la pili. Kwenye kioo kidogo chenye vitufe vinne, kumtafuta Mbaraka mahali patatu ni adha itakayokufanya useme kifaa ni kibovu, ilhali ni kizima kabisa.

Nyimbo zilizopakuliwa kwenye blogu zina balaa lao. Mara nyingi sehemu ya albamu imejazwa anwani ya tovuti. Matokeo yake una "albamu" moja yenye nyimbo 600 za wasanii 200, na picha ya jalada ni nembo ya blogu.

Tagi za kwanza za MP3, zilizobuniwa mwaka 1996, zilikuwa na nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la wimbo na 30 kwa msanii. Toleo la pili lililokuja 1998 liliondoa ufinyu huo, lakini baadhi ya vifaa vya bei ya chini bado husoma la kwanza, ndipo unapoona majina marefu ya okestra yamekatwa katikati. Programu ya Mp3tag kwenye kompyuta inakuwezesha kurekebisha mamia ya mafaili kwa mpigo. MusicBrainz Picard huenda mbali zaidi: inasikiliza alama ya sauti ya wimbo na kuutafuta kwenye hifadhi yake. Kwa muziki wa Ulaya na Marekani inafanya kazi nzuri sana. Kwa santuri za zamani za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, mara nyingi utalazimika kuandika mwenyewe, na ukifanya hivyo kwa uangalifu umetunza historia. Amua mapema jina moja la kila msanii, tumia sehemu ya "msanii wa albamu" kuwaweka pamoja, na sehemu ya maoni andika bendi, mwaka, au ulikoipata rekodi.

Kama huna muda wa kazi hiyo, basi sharti lako la kwanza kwa kifaa ni hili: kiwe na njia ya kutembea kwa folda. Vifaa vya namna hiyo vinakuonyesha folda zako kama ulivyozipanga na kuziacha tagi pembeni. Kwa mikusanyiko mingi ya kwetu naona hii ndiyo sifa yenye thamani kuliko zote, na bahati nzuri inapatikana hata kwenye vifaa rahisi. Andika namba za nyimbo kwa tarakimu mbili, 01, 02, 03, la sivyo wimbo wa 10 utapigwa kabla ya wa 2. Vifaa vingine vya bei ya chini, sawa na redio na sabufa nyingi zenye tundu la flashi, havifuati hata herufi. Hufuata mpangilio ambao mafaili yalinakiliwa. Kwa hivyo nakili folda moja baada ya nyingine, kwa utaratibu.

Kuna jambo jingine linalohusu muziki wetu hasa. Nyimbo nyingi za dansi na benga za miaka ya 1970 zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na kwa kuwa upande mmoja haukutosha, wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili, yenye chemko la magitaa, upande B. Zilipohamishwa kwenye kompyuta zikawa mafaili mawili. Kifaa kinachoweka pengo la ukimya kati ya faili na faili kinaharibu mlango huo wa kuingilia chemko. MP3 ina udhaifu wa asili hapa, maana wakati wa kubanwa huongezwa ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili; kifaa kizuri huusoma na kuuondoa, kifaa cha ovyo huuacha. FLAC haina tatizo hilo. Tafuta kwenye maelezo kama kifaa kinapiga bila pengo. Au unganisha sehemu hizo mbili kuwa faili moja kwa programu ya Audacity, kazi ya dakika chache, ukitunza mafaili ya asili pembeni.

Wanaosikiliza usomaji wa Kurani, mahubiri, au upande mzima wa kaseti kama faili moja la dakika 45 waulizie jambo tofauti: je, kifaa kinakumbuka kilipoishia ukikizima? Visivyokumbuka vitakurudisha mwanzo kila siku.

Memori kadi

Nafasi ya ndani ya kifaa isikusumbue sana. Sehemu yake humezwa na mfumo wenyewe. Sony NW-A306 ya mwaka 2023 iliuzwa kama ya gigabaiti 32 lakini nafasi iliyobaki kwa mtumiaji ilikuwa karibu 18. La muhimu ni tundu la kadi ya microSD, na ukubwa wa mwisho wa kadi ambao kifaa kinakubali.

Kadi za hadi gigabaiti 32 huja na mpangilio uitwao FAT32, ambao karibu kila kifaa kinausoma. Kuanzia gigabaiti 64 kadi huja na exFAT, na hapo vifaa rahisi hushindwa. Muuzaji atakwambia kadi mbovu. Mara nyingi ukiiformati kwa FAT32, kwa programu ndogo ya bure, inasomeka vizuri. Lakini angalia pia idadi ya nyimbo: vifaa vidogo vyenye kumbukumbu finyu huweza kuorodhesha elfu chache tu, hata kama kadi ina nafasi ya elfu kumi. Zinazozidi hazionekani kwenye orodha ya wasanii, ingawa wakati mwingine zinafikika kwa folda.

Kadi bandia ni janga la kweli. Kadi inayouzwa kama ya terabaiti moja kwa bei ya chakula cha mchana ina nafasi ndogo sana ndani, na imechezewa ili itangaze ukubwa wa uongo. Inapokea nyimbo zako zote bila kulalamika, kisha inaandika mpya juu ya zilizotangulia. Ukinunua kadi, kabla ya kuweka wimbo wowote ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac: programu hizi huijaza kadi yote na kusoma tena kama kilichoandikwa kipo. Inachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa. Zisubiri.

Wengi hawana kompyuta, na hilo lisiwazuie. Kisomeo cha kadi cha OTG kinachochomekwa kwenye simu ya Android kinatosha kuhamisha nyimbo kutoka simu kwenda kadi. Tahadhari moja: tangu Android 6.0, simu nyingine hukuuliza kama kadi itumike kuwa hifadhi ya ndani. Ukikubali, inafutwa na kufungwa kwa ajili ya simu hiyo pekee, na kicheza muziki hakitaisoma. Chagua hifadhi ya kuhamishika. Na usiifanye kadi ya mfukoni kuwa nakala pekee ya mkusanyiko wako. Kadi hupotea na hufa bila dalili.

Sauti

Hapa ndipo matangazo hupiga kelele zaidi na ndipo tofauti zilipo ndogo zaidi. Ndani ya kifaa kuna chipu inayogeuza namba kuwa umeme wa sauti, na nyuma yake kikuza sauti. Chipu za siku hizi, hata za bei nafuu, zimekuwa nzuri kiasi kwamba ni wachache watakaozitofautisha wakisikiliza bila kujua ipi ni ipi. Pesa uliyotaka kuongeza ili upate chipu yenye jina kubwa, iweke kwenye hedifoni. Mabadiliko utayasikia siku hiyohiyo.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa. La kwanza ni nguvu. Spika ndogo za masikioni huwa na ukinzani wa ohm 16 hadi 32 na hulishwa na kifaa chochote. Hedifoni za studio kama Sennheiser HD 600 zina ohm 300, na kwenye kifaa kidogo kabisa zitasikika kwa unyonge. La pili ni mvumo: spika za masikioni zenye usikivu mkali huonyesha mchirizo wa "ssss" nyuma ya muziki kwenye vifaa vingine. Huo utausikia dukani ukiweka sehemu tulivu ya wimbo, mradi duka lenyewe limetulia.

Kwa wanaotumia Bluetooth, ubora unaamuliwa na makubaliano kati ya kifaa na hedifoni kuhusu njia ya kubana sauti. Vyote vina SBC. Vingine vina AAC, aptX, au LDAC ya Sony inayofika kilobiti 990 kwa sekunde. LDAC ikiwepo upande mmoja tu haina faida.

Mkusanyiko mchanganyiko una hatari yake kwa masikio. Rekodi ya zamani iko chini, unapandisha sauti, kisha unafuata wimbo wa leo uliotengenezwa kwa kishindo. Mfumo uitwao ReplayGain hupima kila wimbo na kuandika kwenye tagi kiasi cha kuupunguza au kuupandisha. Foobar2000 hufanya upimaji huo, na kifaa kikiuelewa nyimbo zote zinatoka kwa kimo kimoja. Naomba usilione dogo. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto, na kila sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua kwa kasi. Usikivu ukipotea haurudi.

Vifaa vyenyewe

Kifaa cha kwanza cha namna hii kuuzwa kwa wingi, MPMan cha Korea Kusini cha mwaka 1998, kilikuwa na megabaiti 32, yaani kama nusu saa ya muziki. iPod ilikuja Oktoba 2001 ikiwa na gigabaiti 5, ikatawala, na Apple ikasitisha ya mwisho Mei 2022. Tangu hapo soko limebaki kwa makundi matatu hivi. Madukani utasikia yote yakiitwa MP3 au MP4, na redio za magari sasa zinaitwa hata MP5. Namba hizo hazina uhusiano na ubora.

Kundi la kwanza ni vidogo vyenye vitufe, kama SanDisk Clip na jamaa zake wa Kichina. Ni vyepesi, betri inakwenda siku nzima au zaidi, vingi vina redio ya FM inayotumia waya wa hedifoni kama antena. Kwa mkusanyiko wa MP3 uliopangwa kwa folda, na kwa mzee asiyetaka mambo ya intaneti, sioni haja ya kupanda zaidi ya hapa. Vitufe unaviendesha kwa kidole gumba kifaa kikiwa mfukoni, jambo ambalo kioo cha kugusa hakiwezi.

Kundi la kati ni la FiiO, Shanling, Hidizs na HiBy: vidogo, bila Android, vinavyosoma FLAC na kadi kubwa. FiiO Snowsky Echo Mini, yenye sura ya deki ya kaseti, inauzwa kwa chini ya dola 100 na ina vitufe halisi. Shanling M0 ni ndogo kama kiberiti, kioo chake cha kugusa kina inchi 1.54, inapendeza, lakini jaribu kwanza kama vidole vyako vinaiweza orodha ya nyimbo 3,000. Kwa mwenye taarab na dansi nyingi, FLAC na MP3 zikichanganyika, kundi hili ndilo ninaloliamini zaidi.

La tatu ni la Android, kama NW-A306 niliyoitaja na FiiO JM21. Hapa unaweza kuweka Spotify au Boomplay na pia mafaili yako, pamoja na programu ya VLC inayosoma Opus bila kugeuza. Unalipa zaidi, na unarithi tabia za simu: masasisho, kuwaka kwa taratibu, na mfumo unaozeeka kabla ya kifaa.

Nje ya makundi haya kuna vya zamani vilivyofufuliwa. Rockbox ni mfumo wa bure ulioanza mwaka 2001 kazi yake ikiwa kuchukua nafasi ya ule wa kiwandani kwenye vicheza muziki. SanDisk Clip+ ya 2009 au iPod ya zamani ikiwekewa Rockbox inatembea kwa folda, inapiga bila pengo, inaelewa ReplayGain na inasoma Opus. Ni chaguo zuri kwa fundi au mwenye subira. Betri ya lithiamu ya miaka mingi itahitaji kubadilishwa, kwa hiyo ulizia betri kabla ya kuulizia bei.

Kabla ya kulipa, tengeneza kadi moja ya gigabaiti 32 ya majaribio. Weka MP3 moja, FLAC moja, .m4a moja na ujumbe mmoja wa WhatsApp. Weka wimbo wa dansi uliokatwa sehemu mbili, faili moja refu kuliko nusu saa, folda yenye nyimbo 12 zenye namba, na wimbo mmoja wenye jina refu kupita kawaida. Nenda nayo dukani pamoja na hedifoni zako. Ichomeke, tazama kipi kinaonekana na kipi hakionekani, sikiliza mpito wa sehemu A kwenda B, zima kifaa katikati ya faili refu, kisha kiwashe tena. Muuzaji akikataa kukifungua, liko duka lingine. Na ukiagiza mtandaoni, fanya jaribio hilohilo siku kinapofika, muda wa kukirudisha ukiwa bado haujaisha.